Neno Lililofunga Mlango

Kazi ya kufasiri sikufundishwa na mtu. Skuli niliiacha mapema, Kiingereza nikakiokota katika magazeti makuukuu yaliyokuwa yakifungiwa bidhaa madukani, na Kiswahili, nakusudia Kiswahili cha kupimwa kwa mizani na kufungwa kwa vina, nikakipata barazani kwa wazee waliokuwa wakijibizana kwa mashairi baada ya sala ya alasiri. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiishi baina ya kazi mbili: mashairi, ambayo hayanipi kitu, na tafsiri, ambazo hunipa kidogo. Nimefasiri mikataba ya nyumba, barua za mahakamani, maelezo ya dawa za mimea, na vijitabu vya afya visivyo na idadi. Hivi vya afya ndivyo nilivyokuwa nikividharau kuliko vyote. Nikivimaliza kwa usiku mmoja, nikitia neno lililo karibu na mkono, na asubuhi nikivipeleka na kulipwa. Makala haya ni habari ya neno moja katika hayo, na ya gharama yake.

Mwaka jana alinijia mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu mkubwa. Yeye ni muuguzi huko Pemba. Alikuja na kijitabu cha Kiingereza chenye kurasa kumi na mbili, kinachoeleza saratani ya mlango wa kizazi pamoja na maambukizi mengine ambayo huweza kukutana katika mwili wa mwanamke mmoja na kuisaidia saratani hiyo, au kushukiwa kwamba yanaisaidia. Alitaka kiwe katika Kiswahili ambacho bibi wa shamba akisomewa atakifahamu bila ya kuinamisha uso. Tukaketi ukumbini, nikaanza kukisoma kwa sauti huku nikifasiri, kama ilivyo ada yangu. Nilipofika sentensi ya pili nikasema, "magonjwa ya zinaa". Mpwa wangu akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Mjomba," akasema, "naomba radhi. Neno hilo usilitie."

"Na ndilo neno lake, mwanangu. Kila mtu anasema hivyo."

"Najua. Hata sisi kazini tunalisema. Lakini neno hilo ndilo lililomrudisha mama mlangoni."

Dada yangu alinizidi miaka saba. Aliolewa mara mbili. Ndoa ya kwanza, akiwa mwari, ilidumu miaka mitatu ikavunjika kwa talaka. Ya pili ikampeleka Wete, na huko alikaa hadi kufa kwake. Ndoa zote mbili zilikuwa na walii, mashahidi na mahari. Mwaka 2006 alianza kutokwa na damu isiyokuwa ya wakati wake. Akaficha kwa miezi, kisha akajikaza akaenda kituo cha afya. Alipokuwa akingoja zamu yake alipewa karatasi ya kusoma. Karatasi ilieleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi hutokana na ugonjwa wa zinaa, na kwamba mwanamke mwenye dalili kama zake apimwe. Dada akaikunja karatasi ile, akaitia katika mkoba, akaondoka kabla ya kuitwa jina lake. Nyumbani alimwambia binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano: "Mimi sikuzini. Siwezi kukaa foleni ya wazinifu." Hakurudi tena mpaka mwaka 2009, maumivu yalipokuwa hayafichiki. Alivushwa bahari kwa boti hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, na katika hospitali ya Ocean Road akapewa tiba ya mionzi. Ilimpa nafuu ya muda. Mwaka 2011 alifariki, naye ana miaka hamsini. Mungu amrehemu.

Mimi, ndugu yake wa tumbo moja, niliambiwa kwamba anaumwa "maradhi ya kike". Kwa adabu zetu kaka haulizi zaidi ya hapo, nami sikuuliza. Siku ile ukumbini ndipo nilipouliza. Nikataka kujua karatasi yenyewe ilikuwaje. Mpwa wangu akanieleza kwamba ilikuwa ya kijani, yenye mikunjo mitatu, na nyuma yake palichorwa mwanamke aliyejitanda kanga ameketi juu ya kigoda. Sikuhitaji maelezo mengine. Karatasi ile niliifasiri mimi, mwaka 2004, kwa usiku mmoja.

Sisemi kwamba neno langu ndilo lililomuua dada yangu. Yawezekana ugonjwa ulikwishakuwa mkubwa siku ile; yawezekana kipimo kisingelikuwapo, au dawa, au nauli ya boti. Muuguzi aliyempa karatasi alitimiza wajibu wake, na neno lenyewe sikulibuni mimi, nililikuta likitumika midomoni mwa watu na katika mabango. Hata hivyo mshairi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba neno alilikuta. Maneno yote tunayakuta. Kazi yetu ni kuyachagua.

Nilipokwenda kuitafuta nakala ya asili ya Kiingereza katika makabrasha yangu, niliikuta. Kiingereza hakikusema zinaa. Kilisema ugonjwa unaopita katika tendo la kujamiiana, basi. Hakikuuliza kama tendo hilo lilikuwa la ndoa au la uchochoroni. Zinaa ni neno la sharia. Ndani yake mna kosa, mna mkosaji, na mna adhabu. Nilichukua habari ya njia ya ugonjwa nikaigeuza kuwa hukumu juu ya mgonjwa, na kwa kuwa neno lilikuwa limezoeleka, sikuona kwamba nimeongeza kitu.

Tazama, msomaji, jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo mbali na hukumu hiyo. Chanzo cha takriban saratani zote za mlango wa kizazi ni kirusi kiitwacho papiloma. Kina aina zaidi ya mia mbili, na kati ya hizo ni kiasi cha kumi na nne tu zenye hatari ya saratani. Mbili, yaani ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani. Kirusi hiki kimeenea mno. Wengi wa wanadamu wanaojamiiana hukipata wakati mmoja au mwingine wa maisha yao, na wengi hukishinda kwa kinga ya mwili katika mwaka mmoja au miwili bila ya kujua kwamba walikuwa nacho. Mwanamume hukibeba na aghalabu haumwi na kitu. Kwa wanawake wachache kirusi hubaki, na kinapobaki huanza kuzibadilisha seli za mlango wa kizazi polepole, kazi ambayo kwa mwenye kinga nzima huchukua miaka kumi na mitano hadi ishirini. Kwa hiyo mwanamke anayeambiwa leo kwamba anacho hawezi kujua kilitoka kwa nani wala lini, na yeyote anayemnyooshea kidole hajui zaidi yake. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakumjua mwanamume isipokuwa mumewe aweza kukipata. Aliyeolewa akaachwa akaolewa tena, kama dada yangu na kama wanawake wengi wa visiwa hivi, aweza kukipata katika njia iliyo halali tangu mwanzo hadi mwisho. Kirusi hakisomi hati ya ndoa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1842 tabibu mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alitangaza hesabu alizozikusanya katika daftari za vifo vya mji wa Verona, tangu mwaka 1760 hadi 1839. Aliona kwamba saratani ya kizazi ilikuwa ikiwaua wanawake walioolewa, na kwa watawa wa kike, waliokaa bila ya waume, ilikuwa nadra. Hakujua sababu, kirusi kilikuwa bado hakijajulikana kabisa. Lakini ukizitazama hesabu zile kwa macho ya mfasiri, utaona neno ambalo zinalikataa. Waliokuwa wakifa kwa ugonjwa huu katika daftari zake walikuwa wake za watu. Ndoa yenyewe, ikiwa na baraka zake zote, ilikuwa mojawapo ya njia.

Baada ya mazungumzo yale niliacha kazi nyingine zote nikakishughulikia kijitabu kwa miezi miwili. Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina la mada yenyewe: hali ya maambukizi mawili au zaidi kukutana katika mwili mmoja. Mfano wake mashuhuri ni Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi, mke wa mtu na mama wa watoto watano, aliyefariki Baltimore tarehe 4 Oktoba 1951 akiwa na umri wa miaka 31. Seli za saratani yake zilichukuliwa na kukuzwa maabara, na mpaka leo bado zinakua duniani kote. Katika miaka ya 1980 zilipochunguzwa zilikutwa na kirusi cha papiloma cha aina ya 18. Rebecca Skloot, aliyeandika kitabu juu ya maisha yake mwaka 2010, anaeleza kwamba jalada lake la hospitali lilitaja pia kaswende na kisonono. Watu watatu wasiopatana, tungeweza kusema, wamepanga chumba kimoja. Hali hiyo ndiyo niliyotakiwa kuipa jina.

Nilijaribu "maambukizi wenza". Lilinipendeza, kwa kuwa kila mtu wa pwani anajua mke mwenza ni nani. Mke wangu akalipeleka kwa wenzake, wakacheka, na mmoja akauliza: "Basi katika hao, mke mkubwa nani?" Swali lile lilinifaa kuliko kamusi. Mke mkubwa ni papiloma. Pasipo yeye nyumba hiyo haisimami. Wengine huja baadaye, na baadhi yao tunajua kwamba wanamtia nguvu, na baadhi tunawashuku tu kwa kuwa tumewakuta ukumbini. Nilikuwa tayari kulipitisha neno hilo mpaka mke wangu aliponiambia kwamba mmoja wa wanawake wale hakucheka. Yeye ni mke wa pili. Nikaelewa kwamba nilikuwa karibu kurudia kosa lile lile, kwa hiyo nikaliacha neno tamu nikachukua lisilo na ladha: "maambukizi yaliyokutana".

Kikwazo cha pili kilikuwa kidogo kwa umbo, na kilinichukua siku nyingi zaidi. Kijitabu kilikuwa na maneno mengi ya shaka. Kiingereza kina namna yake ya kusema kwamba jambo limehusishwa na jingine pasi na kusema kwamba limelisababisha, na sisi katika kufasiri kwa haraka huandika "husababisha" kila mahali. Nikaona afadhali nizipange daraja. Daraja ya kwanza ni ya yakini: papiloma ndicho chanzo. Daraja ya pili ni ya yakini pia, ila ni ya kuongeza na siyo ya kuanzisha: virusi vya UKIMWI huongeza hatari. Mwanamke anayeishi navyo yumo katika hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya asiyekuwa navyo, kwa sababu kinga ambayo ingelimfukuza papiloma imedhoofika, na asipotibiwa, safari ya miaka ishirini yaweza kwenda kwa mitano hadi kumi. Hapo niliandika "huongeza" bila ya kusita.

Daraja ya tatu ni ya klamidia. Huu ni ugonjwa wa bakteria unaopita katika kujamiiana, ambao mara nyingi hauna dalili, na tiba yake ni vidonge vya siku chache. Huwasha uvimbe wa kichinichini mlangoni mwa kizazi, na chunguzi kadhaa zimeona kwamba wanawake wenye papiloma waliopata pia klamidia wamo zaidi katika waliougua saratani. Nyingine hazikuona hivyo. Yumkini uvimbe ule humpa papiloma nafasi ya kukaa. Yumkini pia wote wawili hupatikana pamoja kwa kuwa njia yao ni moja. Hapa neno la haki ni "huenda", na nililiandika "huenda" kila mara, hata pale liliporejewa mara nne katika ukurasa mmoja na sikio langu la kishairi likalalamika.

Shaka ina heshima yake katika habari hii. Katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wengi walimshika mshukiwa mwingine, yaani kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, wakaamini kwamba ndiye muuaji, kwa kuwa alikuwa akionekana mara kwa mara mahali pa tukio. Mjerumani Harald zur Hausen alimtafuta ndani ya uvimbe wa saratani asimpate. Akaendelea kutafuta, na mwaka 1983 akapata papiloma ya 16, na mwaka uliofuata ya 18. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Kama vijitabu vya zama zile vingelifasiriwa na mtu kama mimi wa mwaka 2004, bila shaka vingeliandika "husababisha", na mshukiwa angelihukumiwa kwa Kiswahili hata baada ya kuachiwa huru kwa Kiingereza.

Kisha palikuwa na jambo ambalo kijitabu hakikuwa nalo na mpwa wangu akataka liongezwe, kwa kuwa ni letu. Kichocho cha mkojo tunakijua, Unguja na Pemba. Watoto wamekuwa wakikipata mitoni na katika madimbwi kwa vizazi. Wasichojua wengi ni kwamba mayai ya mdudu huyo kwa mwanamke huweza kukaa katika mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, maumivu, na damu baada ya kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 kitabu cha picha ili wauguzi waweze kuvitambua vidonda hivyo, kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kuwa ni vya ugonjwa wa kujamiiana. Kichocho hujulikana kwamba husababisha saratani ya kibofu. Kama kinaisaidia saratani ya mlango wa kizazi, hapo tena ni "huenda". Basi mfikirie msichana aliyevuka kijito akienda kuteka maji au kufua, miaka kumi baadaye akaja na damu, akaambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Hata lile tendo lenyewe halimo katika kisa chake.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa elimu ya dini na mshairi mzuri, alinipinga nilipoyaeleza haya barazani. "Ukiliondoa neno zinaa," alisema, "utawaondolea watu hofu ya zinaa." Sikuichukulia hoja yake kwa wepesi, kwa sababu anawapenda watu kama ninavyowapenda mimi. Nilimkumbusha jambo analolijua zaidi yangu: kwamba sharia haikubali mwanamke atuhumiwe zinaa ila kwa mashahidi wanne, na mwenye kumtuhumu bila ya mashahidi ndiye anayestahiki viboko themanini. Sura ya Nuru imelieleza hilo mwanzoni tu. "Sasa karatasi yangu," nikamwambia, "imewatuhumu wanawake wangapi, na mashahidi wake wako wapi?" Alinyamaza kitambo. Kisha, kwa kuwa ni mshairi, hakutoa radhi, alitoa neno. Akasema: "Andika maradhi ya unyumba."

Nilifurahi mno. Unyumba ni neno la staha, lina harufu ya udi na kitanda kilichotandikwa. Nikampigia simu mpwa wangu usiku ule ule. Akalisifu, kisha akaniambia: "Lakini Mjomba, na yule asiyeolewa? Na yule aliyelazimishwa? Nao wanahitaji kupimwa. Ukiandika unyumba, utakuwa umewafungulia akina mama ukawafungia wale." Alikuwa na haki. Neno la lawama lilikuwa limewafukuza wengine, na neno la sifa lingewafukuza wengine. Tukarudi kwenye lile refu lisilo na upande: "maambukizi yanayopita katika kujamiiana". Haliimbiki, na katika mizani linazidi. Ila hakuna mwanamke ambaye litamuuliza hati.

Nimewaza sana, katika miezi hii, juu ya ushairi wetu na maradhi ya wanawake. Mwana Kupona alipomtungia binti yake Mwana Hashima wasia maarufu, mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na mwenyewe anatwambia kwamba maradhi yamemshika muda mrefu. Alimwachia binti yake mafunzo ya dini, ya adabu na ya nyumba. Tumeurithi ufasaha wake, na tumerithi pia ile desturi ya kuyataja maradhi bila ya kuyapa jina. Mafumbo ni mali ya ushairi wetu, nami nimeishi kwayo. Lakini "maradhi ya kike" lilikuwa fumbo, na nyuma yake dada yangu alikaa miaka mitatu akivuja damu, mimi niko ng'ambo ya bahari ndogo nikitunga.

Beti moja nilimtungia, na sikukusudia kuichapisha. Mpwa wangu ndiye aliyenitaka:

Nilidhani nimesema, kumbe nafunga mlango,
Neno likatoka jema, likafika ni uwongo,
Dada akarudi nyuma, kainamisha na shingo,
Mwenye kalamu tazama, hata neno lina gongo.

Yaliyobaki katika kijitabu yalikuwa mepesi, na ni vyema niyaeleze hapa, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wana dada na mabinti. Njia moja ya kupima ambayo imetumika sana katika nchi zetu ni siki, ndiyo, asidi ile ile ya siki ya kachumbari, iliyopunguzwa makali. Muuguzi huupaka mlango wa kizazi, akangoja dakika moja, na sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo huweza kuondolewa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linapendekeza zaidi kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli kwa mkono wake mwenyewe, kwa faragha yake. Kuanzia umri wa miaka 30 apimwe kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25, kila baada ya mitatu hadi mitano. Na iko chanjo. Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaingia katika dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huchanjwa wakiwa wadogo kwa sababu kinga hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya mtu kukutana na kirusi, basi, na si kwa sababu mtu anamdhania mtoto mabaya. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, wengi mno wao katika nchi zisizo na mali. Ugonjwa unaochukua miaka ishirini kuja ni ugonjwa unaotupa miaka ishirini ya kuuzuia.

Kijitabu kimekwisha. Mpwa wangu anakisomea wanawake kwa sauti, asubuhi, kabla ya kuanza kazi. Amenisimulia juu ya bibi mmoja aliyesikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Kwa hiyo hapa sishitakiwi?" Akajibiwa: "La, bibi, hapa unapimwa tu." Akaketi kungoja zamu yake.

Ile karatasi ya kijani ninayo. Mpwa wangu aliikuta katika mkoba wa mama yake, imekunjwa vile vile mikunjo mitatu, akaniletea. Nimeiweka mezani ninapofanyia kazi, chini ya kioo, upande wa neno lenyewe ukiwa juu. Kila ninapoletewa kazi ya usiku mmoja huitazama kwanza, kisha humwambia mwenye kazi kwamba itachukua siku nyingi.